Mtafiti Chipukizi Asiachiwe Gharama ya Janga

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, mgeni ajaye mara nyingi kuliko wote, ukimwondoa mwanasiasa wa msimu wa kura, ni mtafiti. Huja na daftari, hojaji na simu ya kunasia sauti. Huuliza idadi ya watoto, bei ya maji na siku ambazo watu walilala njaa juma lililopita, kisha akaenda zake. Kama mwenyeji hupona au hapana ni swali ambalo mimi, niliyekuwa mgeni wa aina hiyo, nimelikwepa kwa miaka kadhaa. Leo nataka kulijibu, na ili nilijibu sina budi kuuliza jingine: mgeni huyo naye hulishwa na nani? Na mlishaji akifunga mfuko katikati ya safari, nani hubaki akilipa?

Nayasema haya kwa sababu mambo mawili yaliyotukia mwaka 2025 yamenirejesha nyuma. La kwanza ni kuvunjwa kwa USAID, shirika la misaada la Marekani. Amri ya kusimamisha kazi ilitolewa mwezi Januari, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika hilo lilikuwa limekoma kuendesha misaada. La pili ni mgomo wa wahadhiri wa vyuo vikuu vyetu vya umma, uliodumu siku 49 kati ya Septemba na Novemba, wakidai malimbikizo ya mkataba wa malipo wa miaka ya 2017 hadi 2021. Wengi waliyaona kuwa mambo mawili mbalimbali. Kwangu mimi yalikuwa jambo moja lenye nyuso mbili, na nyuso zote mbili nilizifahamu tangu mwaka 2020, nikiwa mwanafunzi wa uzamifu katika chumba cha kupanga cha Kawangware 56.

Asiyepafahamu mahali hapo na aelewe kwamba nambari hiyo ni jina. Mtu akikuambia "nashukia 56" hakuna haja ya kumwuliza zaidi. Ni kituo cha matatu chenye mabanda ya mboga, vibanda vya kuuzia simu, maduka ya vyuma na ploti za mabati zilizobanana hata mtu akikohoa chumba cha tatu, wewe unasema pole. Umbali wa kutembea kutoka hapo ni Lavington, penye nyua za michongoma na malango ya chuma. Kila alfajiri wanawake wa Kawangware huvuka kwenda upande wa pili, wakaketi kando ya barabara wakingoja kuitwa kufua nguo. Nilipanga huko kwa sababu kodi iliwezekana, na kwa sababu kutoka hapo ningeweza kufika Kibera kwa nauli ndogo, au kwa miguu siku ambayo mfuko haukuniruhusu.

Utafiti wangu ulihusu vibarua wa kutwa na namna wanavyogawa ujira wao kati ya maji, chakula na kodi. Nilikusudia kuzungumza na kaya 120 za Kibera, nyingi zikiwa upande wa Makina. Ruzuku yangu ilikuwa ndogo, nayo ilitoka ng'ambo kwa kupitia mradi mkubwa ambao mimi nilikuwa tawi lake dogo mno. Ili niweze kula, nilifundisha masomo mawili katika chuo kimoja nikiwa mhadhiri wa muda. Wanafunzi wanaosoma makala haya huenda hawajui maana ya neno hilo. Mhadhiri wa muda hulipwa kwa somo alilofundisha, baada ya kusahihisha mitihani, baada ya kuwasilisha alama, baada ya ofisi kadhaa kutia sahihi, na mara nyingi baada ya muhula mwingine, au mwaka mwingine, kupita. Likizo yake haina malipo, na ugonjwa wake ni wake peke yake.

Tarehe 13 Machi 2020, Waziri wa Afya wa wakati huo, Bw Mutahi Kagwe, alilitangazia taifa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini. Siku mbili baadaye, Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe, na vyuo vikuu vikapewa hadi tarehe 20 kuwaruhusu wanafunzi waende makwao. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili, Nairobi ikafungwa, asiingie mtu wala asitoke, na lango hilo halikufunguliwa hadi Julai. Matatu za abiria 14 ziliamriwa kubeba wanane tu, na nauli ikapanda papo hapo. Kufikia siku ile ya Machi, katika zile kaya 120 nilikuwa nimefika 43.

Sitaki nieleweke vibaya. Amri zile zilikuwa na sababu zake, na mtafiti anayebisha hodi nyumba hadi nyumba wakati wa maradhi ya kuambukiza anaweza kuwa yeye mwenyewe ndiye msiba. Kusitishwa kwa mahojiano ya ana kwa ana kulikuwa haki. Malalamiko yangu yanahusu kilichofuata. Kazi ilisimama, lakini saa haikusimama. Muda wa ruzuku uliendelea kuhesabiwa. Ada ya chuo iliendelea kudaiwa. Kodi ya nyumba iliendelea kuja kila mwisho wa mwezi. Ni ujira peke yake ulioitii kafyu.

Chuo kilipohamishia masomo kwenye intaneti, nilifundisha kwa simu, nikiwa nimeiegemeza kwenye sufuria juu ya meza, mlango wazi ili nipate mwanga kwa kuwa stima ilipotea siku ilipotaka. Bando nilinunua mwenyewe. Katika wanafunzi zaidi ya sitini waliokuwa kwenye orodha, siku njema nilisikia sauti za kumi na watano. Mmoja alinieleza kuwa hupanda kilima kwao mashambani ili apate mtandao, na mvua ikinyesha hapandi. Nchi hii, mwezi Julai 2020, ilipata sifa duniani kwa mabaluni ya kampuni ya Loon yaliyoelea angani yakisambaza intaneti kwa ushirikiano na Telkom Kenya. Ilipofika Januari 2021 kampuni hiyo ikatangaza kufunga shughuli zake, kwa kuwa biashara haikulipa. Mwanafunzi wangu alibaki na kilima chake.

Na utafiti je? Tuliambiwa tupige simu. Ushauri huo ulionekana rahisi kwa waliokuwa wakiutoa. Simu humfikia mwenye simu, na si yeyote bali yule aliyeichaji, ambaye hajaiuza kwa ajili ya unga, na ambaye ana faragha ya kuijibu. Katika kaya nilizohitaji, simu mara nyingi ilikuwa moja, nayo hushikwa na mume. Nilimwuliza mama mmoja kama watoto wamekula mchana, akajibu upesi kwamba wamekula vizuri. Dakika ishirini baadaye akanipigia yeye mwenyewe, kwa sauti ya chini, akaniambia niandike hapana. Kama asingelikuwa na shilingi tano za salio siku ile, tasnifu yangu ingekuwa na uongo mmoja zaidi, na mimi nisingejua kamwe.

Hata hivyo ni haki kusema kwamba wako waliofaulu kwa simu. Mwisho wa mwezi Machi 2020, kabla hata majuma matatu hayajaisha tangu mgonjwa wa kwanza atangazwe, shirika la Population Council lilikuwa limeanza kuwahoji watu wapatao 2,000 kwa simu katika makazi matano ya Nairobi: Kibera, Mathare, Dandora, Huruma na Kariobangi. Liliuliza wanajua nini kuhusu maradhi haya, wanaogopa nini, na wamepoteza nini. Liliwezaje? Kwa sababu lilikuwa na nambari za simu za kaya ambazo limekuwa likizifuata kwa miaka katika tafiti za awali, na wenye kaya walilifahamu. Vivyo hivyo kituo cha APHRC kilikuwa kimejenga uhusiano wa namna hiyo huko Korogocho na Viwandani tangu mwanzoni mwa karne hii, kikihesabu wanaozaliwa, wanaohama na wanaokufa.

Mfano ulio bora zaidi ulitoka Kilifi. Watafiti wa mpango wa pamoja wa KEMRI na Wellcome, pamoja na wenzao, walipima damu ya wachangiaji 3,098 iliyotolewa kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, wakatafuta chembechembe za kinga dhidi ya korona. Baada ya kusawazisha hesabu zao, waliona kuwa watu 4.3 katika kila 100 huenda walikwisha kuambukizwa, na katika Nairobi na Mombasa kiwango kilikuwa juu zaidi. Wakati huo hesabu rasmi ya wagonjwa ilikuwa ya maelfu machache tu. Yaani maradhi yalikuwa yameenea mbali sana kuliko tulivyodhani, na wengi walioyapata hawakujua. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Science, na yaliwalazimu wataalamu wa nchi nyingine waitazame upya Afrika. Lakini maabara haikuota kama uyoga mwaka 2020. Mpango wa Kilifi ulianzishwa mwaka 1989. Nyuma ya majibu ya miezi miwili kulikuwa na miaka thelathini ya kulipa mishahara, kufunza vijana na kuweka majokofu yakiwaka.

Hapo ndipo penye funzo la kwanza. Janga halimtendei kila mtafiti sawa. Aliye ndani ya taasisi yenye mizizi huyumba; aliye peke yake hung'oka. Na katika nchi yetu walio peke yao ndio wengi: wanafunzi wa uzamili na uzamifu, wakufunzi wasio na ajira ya kudumu, wasaidizi wa utafiti wanaolipwa kwa siku. Hao ndio tunaotazamia wawe maprofesa wa mwaka 2040.

Funzo la pili lilinijia kwa aibu. Nilikuwa na msaidizi, kijana mzaliwa wa Kibera, aliyemaliza kidato cha nne kwa alama nzuri na kukosa karo ya kuendelea. Yeye ndiye aliyenitambulisha kwa wenyeji, aliyejua ni mlango gani unaobishwa asubuhi na upi jioni, na aliyenikataza kuuliza swali la kodi mbele ya jirani. Miradi ilipositishwa, fedha za kazi ya nyanjani zilizuiwa kwanza, kwa kuwa nyanjani hakuendwi. Zilizuiwa pamoja na malipo ya siku ambazo kijana huyu alikuwa amekwisha kuzifanyia kazi. Siku kumi na moja. Nilimwandikia msimamizi wa fedha, naye akanijibu kwa adabu kwamba suala hilo linashughulikiwa.

Tarehe 10 Aprili 2020 chakula cha msaada kiligawiwa katika ofisi za utawala za Kibera, na umati ukasukumana hadi watu wakakanyagana na kujeruhiwa. Gazeti lililia, televisheni ikaonyesha. Alasiri ile mimi, bila kujua lolote, nilimpigia simu msaidizi wangu nikimtaka anitafutie nambari za kaya sita nyingine. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, nitakutafutia. Lakini sasa hivi natafuta kiatu. Nimekipoteza kwenye foleni ya unga."

Nilikaa na simu mkononi. Miezi mitano nilikuwa nimeandika kurasa juu ya ujira wa vibarua unaochelewa, juu ya tajiri anayesema "njoo kesho", juu ya njaa inayoanzia kwenye deni la mtu mwingine. Na kumbe tajiri wa kijana huyu nilikuwa mimi. Chuo kilichelewesha malipo yangu, nami nikachelewesha yake. Mfadhili alimsukuma mradi, mradi ukanisukuma mimi, mimi nikamsukuma yeye, na yeye hakuwa na wa kumsukuma. Nilimtumia kwa M-Pesa kiasi nilichokuwa nacho, ambacho hakikufika hata nusu ya deni. Nililimaliza mwezi Septemba, kwa kuuza kompyuta yangu ya mkononi na kuendelea kuandika kwa kuazima.

Na bado hatukukoma hapo. Kuanzia Mei, kwa kuwa mimi sikuruhusiwa kuingia majumbani na yeye aliishi humo humo, ni yeye aliyeyaona mambo. Aliona kwamba bei ya mtungi wa maji wa lita 20, ambao kwa kawaida ni shilingi chache, ilipanda siku ambazo mabomba yalikauka, na kwamba watu walioambiwa wanawe mikono kila mara walikuwa wakichagua kati ya kunawa na kupika. Aliandika kwenye daftari, akanisomea kwa simu usiku. Sura ya nne ya tasnifu yangu imejengwa juu ya daftari hilo. Jina la mwandishi wa tasnifu ni langu. Jina lake limo kwenye ukurasa wa shukrani, mstari wa tisa.

Naam, tuje kwenye fedha, maana bila kuzitaja haya yote ni masimulizi ya huzuni tu. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 ndiyo iliyounda tume ya NACOSTI pamoja na Hazina ya Kitaifa ya Utafiti. Sheria hiyo inaitaka serikali itenge asilimia mbili ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti. Ni lengo la kijasiri, kwani Umoja wa Afrika wenyewe umeridhika kuwataka wanachama wafike asilimia moja. Lakini takwimu za UNESCO za mwaka 2010 ziliiweka Kenya kwenye asilimia 0.79, na katika hesabu hiyo sehemu kubwa ilikuwa fedha za kutoka nje. Tangu sheria ipitishwe, asilimia hizo mbili hazijawahi kuonekana katika makadirio yoyote ya bajeti.

Pengo hilo limezibwa na wageni. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na tuliotegemea tumekwisha kuonyeshwa. Mwezi Novemba 2020, katikati ya janga, Uingereza ilitangaza kupunguza misaada yake ya nje kutoka asilimia 0.7 ya pato lake hadi 0.5. Ilipofika Machi 2021, shirika lake la utafiti la UKRI liliwaandikia watafiti kwamba kuna upungufu wa pauni milioni 120 kati ya fedha lilizopewa na ahadi lililokwisha kuzitoa. Miradi ya mfuko wa GCRF, uliobuniwa mahsusi kwa ajili ya matatizo ya nchi kama zetu, ilipunguzwa au kukatwa huku ikiendelea. Miaka minne baadaye Marekani ikafanya yake kwa ukali zaidi. Simlaumu Mwingereza wala Mmarekani kwa kuamua juu ya kodi ya wananchi wake. Namlaumu mwenye nyumba aliyejua kwamba paa ni la kuazima, asinunue hata bati moja.

Wakati huo huo, masharti hayapungui. Kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu za mwaka 2014 zilitaka wahadhiri wawe na shahada ya uzamifu, na zikataka mwanafunzi wa uzamifu achapishe makala mawili katika majarida yanayohakikiwa na wataalamu. Sipingi ubora. Lakini majarida mengi yaliyo wazi kwa wasomaji wote humtoza mwandishi, na ada hiyo hufika zaidi ya dola 1,000 kwa makala moja. Hebu mwalimu wa hesabu awape wanafunzi wake swali hili: mhadhiri wa muda ambaye hajalipwa kwa mihula miwili atachapisha makala ya pili mwaka gani?

Najua pingamizi lililo tayari midomoni mwa wengi. Watasema hospitali hazina dawa, shule hazina madawati, wahadhiri wenyewe hawajalipwa, na wewe unataka fedha za kuhojia watu? Pingamizi hili ni zito, na nisingependa kulijibu kwa mzaha. Jibu langu ni kwamba taifa lisilojijua hununua dawa isiyo ya ugonjwa wake. Kwa miaka mingi tuliambiwa Kibera ina watu milioni moja, na wafadhili, wanasiasa na watalii wakalikariri neno hilo. Sensa ya mwaka 2009 ikahesabu watu 170,070, na ile ya 2019 ikahesabu 185,777 katika kaunti ndogo ya Kibra. Wapo wanaobishana na hesabu hizo, na wana haki ya kubishana. Lakini fikirini ni vyoo vingapi, madarasa mangapi na ahadi ngapi zilizopangwa juu ya idadi iliyotajwa na mgeni bila kuhesabu. Kutojua nako kuna gharama, na hulipwa na mwenyeji.

Wengine watasema kwamba shahada ni ya mtu binafsi, basi na gharama iwe yake. Hilo lingekuwa kweli kama faida ingekuwa yake peke yake. Lakini wanafunzi walioketi mbele yangu kwenye simu iliyoegemezwa sufuria walikuwa wanafunzi wa taifa, na ile damu iliyopimwa Kilifi ilizungumza kwa niaba ya sisi sote.

Nionavyo mimi, yako mambo manne yanayoweza kufanyika kabla janga jingine halijabisha hodi. Kwanza, kila ruzuku na kila kanuni ya chuo iwe na kifungu cha dharura: nchi ikifungwa, saa ya mwanafunzi isimame na ada yake isimame nayo. Jambo hili halihitaji fedha nyingi, linahitaji sahihi. Pili, Hazina ya Kitaifa ya Utafiti itengewe fungu dogo lisiloguswa kwa ajili ya wanafunzi wa uzamifu na watafiti walio chini ya miaka mitano tangu wahitimu, hata kama asilimia mbili itabaki ndoto kwa muda. Tatu, hakuna pendekezo la utafiti lipitishwe na kamati ya maadili bila kuonyesha mkataba wa wasaidizi wa nyanjani: watalipwa lini, nani atawalipa mradi ukikatwa, na watatajwa vipi kama waandishi wakitoa mchango wa mwandishi. Kamati zetu huuliza kwa makini jinsi mhojiwa atakavyolindwa, na hilo ni jema. Haziulizi anayemhoji atakula nini.

Nne, matokeo yarudi kwa lugha ya wenyeji. Mwaka 2023, miaka miwili baada ya siku niliyopaswa kuhitimu, nilirudi Makina nikiwa na kurasa nne za Kiswahili, muhtasari wa yale niliyojifunza. Tuliketi na wenyeji kama thelathini katika ukumbi wa kuazima. Mzee mmoja wa Kinubi, ambaye babu zake walikuta mahali hapo pakiwa msitu, na ndiyo maana ya jina Kibra, alizisoma kurasa zote nne kwa miwani iliyofungwa uzi. Kisha akasema, "Kijana wangu, nimehojiwa na wengi tangu nikiwa na nywele nyeusi. Wewe ni wa kwanza kuniletea nilichosema. Lakini hapa ukurasa wa tatu umekosea, maji ya upande wetu hayatoki kwenye tangi hilo." Alikuwa amesema kweli. Kosa hilo limo katika tasnifu iliyofungwa kwa jalada gumu na kupitishwa na watahini watatu.

Kwenu walimu, natoa ombi dogo. Mnapowafunza vijana kuandika insha yenye takwimu, wafunzeni pia kuuliza ni nani aliyehesabu, alilipwa na nani, na kama mhesabiwa aliambiwa jibu. Nanyi wanafunzi mnaotamani njia hii, sitawadanganya kuwa ni nyororo. Njooni, maana nchi inawahitaji, lakini msikubali kufanya kazi bila karatasi iliyotiwa sahihi, na siku mtakapokuwa na msaidizi, mlipeni kabla hamjajilipa.

Msaidizi wangu sasa anasoma shahada ya kwanza, kwa mkopo wa HELB na kibarua cha mwisho wa juma. Majuzi tulikutana pale 56, akishuka matatu akiwa na hojaji kwapani, kwani ameajiriwa kwa mwezi mmoja na mradi mwingine. Nilimwuliza wanamlipa vipi. Akacheka, akasema wamemwambia watalipa kazi ikiisha.

Mgeni amekwisha kuja, basi. Mwenyeji angali akingoja kupona.